Nani Analipia Mazoezi?

Maneno haya niliyasema jioni moja mjini Moshi, mbele ya waigizaji, walimu wa Kiswahili, madiwani wachache na majirani, kabla ya kusoma muswada wa mchezo mpya wa kikundi chetu. Nilitaka kueleza kwa nini mazoezi ya mchezo mpya yanastahili fedha ya umma. Nimeyaandika upya kutoka kwenye vikaratasi vyangu na kupunguza salamu. Yaliyotoka bila karatasi nimeyaacha yalivyotoka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu, wasanii, na nyie kina mama wa kata ya Pasua mliokaa nyuma kabisa kama mmekuja kwenye harusi ya watu: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo. Nimepewa dakika 20. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 31, kwa hiyo mnazijua dakika 20 za mwalimu zinavyokuwa.

Naomba nianze na chulebuni.

Wenye wazazi wenye kahawa wananielewa. Ugonjwa huu unaiacha kahawa ichanue vizuri, izae vizuri, halafu tunda likiwa bado bichi linaingia doa jeusi, linasinyaa, linaanguka. Mwaka mzima wa jasho unalala chini ya mti. Baba yangu alipambana nao kwa bomba la mgongoni, akirudi jioni mikono imegeuka buluu kwa mrututu, ile dawa ya kupulizia, na mwaka uliofuata anaanza tena.

Sasa pale Lyamungo, juu kidogo ya hapa, kuna kituo cha utafiti wa kahawa tangu mwaka 1934. Tangu 2001 kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, hii tunayoiita TaCRI, na mwaka 2005 zikaanza kutoka aina mpya za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wengi mnayo hiyo miche. Lakini kuupata mche mmoja wa namna hiyo ni kuchavusha ua kwa mkono, kuotesha, kuuambukiza ugonjwa makusudi ungali mchanga uone utakufa au utapona, kisha kusubiri miaka mitatu minne mti uzae, uonje kahawa yake. Mingi inakufa. Unaitupa, unarudi kwenye ua.

Sijawahi kusikia mtafiti wa Lyamungo akiambiwa: kachukue mkopo, mche ukifa utaulipa kwa mshahara wako.

Mfano wangu una kilema, nakubali. Kahawa inapimwa kwenye mizani, mchezo wa kuigiza haupimwi. Ila mchezo mpya nao una kitalu chake, na hicho kitalu hapa kwetu hakina wa kukimwagilia. Ndilo lililonisimamisha.

Miaka minne iliyopita niliandika mchezo kuhusu kihamba, shamba la urithi la migomba na kahawa. Baba amefariki. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam na cheo chake, mdogo wa mwisho amebaki nyumbani na migomba, na dada yao amerudi kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, anataka kujenga chumba kimoja tu nyuma ya nyumba ya mama. Hadithi hii mnaijua. Wengine mmo ndani yake, na kesi iko baraza la kata.

(Hapa watu walicheka, mmoja wa madiwani zaidi ya wote.)

Muswada ulikuwa na kurasa 60, na mimi nilijua nimemaliza. Ulikuwa na mgogoro, una kilele, una kila kitu nilichokuwa nawafundisha watoto wakitafute kwenye tamthiliya kwa ajili ya mtihani. Tukaenda kuusoma uani kwa mmoja wetu. Waigizaji tisa wamekaa juu ya madumu, karatasi mkononi, mwanga ni balbu ya barazani. Majirani wakasogea, maana Pasua ukisoma kwa sauti watu wanadhani kuna msiba au kuna siasa. Tukafika onyesho la tatu. Wanaume wanagombania mpaka, panga limeshatoka, na mama yao mzazi nimemwandika amekaa kwenye kigoda analia. Kurasa nne nzima analia.

Bibi mmoja akanyanyuka. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu mama ni mgonjwa?" Nikamwambia hapana, mama. "Sasa wanawe wanataka kuuana, isale imejaa pale mpakani, yeye amekaa tu?"

Kwa wageni wetu wasiotoka huku: isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Mchagga akikujia na jani la isale kuomba radhi, kumkatalia ni jambo zito sana. Haya nayajua tangu utotoni. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kukaa nikajiuliza kwa nini mmea unaotenga shamba la huyu na la yule ndio huo huo unaopatanisha. Bibi yule aliniuliza swali dogo la jirani, na mimi usiku ule sikulala.

Jibu lenyewe sikulipata kwenye meza ya kuandikia. Lilipatikana siku ya 11 ya mazoezi. Dada aliyekuwa anacheza nafasi ya mama, ambaye mchana ni fundi cherehani, alikuwa amechoka na kurasa zangu mpya. Nilikuwa nimempa hotuba ndefu. Akaniambia, mwalimu, mimi sisemi haya, siyawezi. Akatembea hadi tulipokuwa tumechomeka fimbo tatu badala ya isale za mpakani, akachomoa moja, akamwekea mwana mmoja mkononi. Akachomoa ya pili, akampa wa pili. Ya tatu akampa binti. Kimya. Tulipoangalia chini, mpaka haupo. Mama amewaombea radhi kwa majani ya mpaka wenyewe, na kwa kuyachomoa ameufuta.

Hotuba yangu ya kurasa mbili niliifuta usiku huo huo, kwa furaha na kwa wivu kidogo.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu watu wengi, tena wasomi, wanaamini mchezo unaandikwa, kisha unaonyeshwa. Kwamba kazi ni mbili: ya kalamu na ya jukwaa. Katikati hapo wanaona kama ni muda wa waigizaji kukariri. Mimi nawaambia mchezo mpya unatengenezwa hapo katikati. Muswada wa mezani ni ua lililochavushwa, hujui kama ni kahawa.

Haya, na hapo katikati pana gharama gani? Ngoja nivae miwani. Watu 9, wiki 6, siku 3 kila wiki, hizo ni siku 18. Nauli ya daladala kwenda na kurudi shilingi 1,200, na sahani ya wali maharage na maji shilingi 2,500, maana mtu anatoka kwenye kibarua hajala. Hiyo ni shilingi 599,400. Ukumbi tulibembeleza ukawa shilingi 20,000 kwa siku, tukaishia na 360,000. Kutoa nakala: kurasa 60 kwa watu 9 kwa shilingi 100, ni 54,000, na muswada ulibadilika mara tatu, kwa hiyo 162,000. Jumla shilingi 1,121,400. Taa hakuna, maleba, yaani mavazi ya jukwaani, hakuna, tangazo hakuna. Na katika hesabu hiyo mwigizaji hajalipwa hata senti, wala mwongozaji. Mwandishi, ambaye ni mimi, alikula ile sahani ya wali.

Nani alilipa? Tulichanga. Sehemu ya pensheni yangu imo, na simu ya kijana mmoja aliyeiuza imo. Wiki ya tano, aliyekuwa anacheza kaka mkubwa alipata safari ya mlimani kama mgumu, yaani mpagazi wa watalii Kilimanjaro, siku saba, mzigo kichwani hadi kambi ya Barafu. Ungekuwa wewe ungemzuia? Alikuja kunitazama usoni aone kama nitakasirika. Nikampa sweta. Tukampa nafasi yake mtu mwingine, tukaanza upya nusu ya mazoezi, na kila mara nikiwaona watalii wakishuka na vyeti vyao pale mjini nakumbuka onyesho langu la pili lilivyoharibika.

Mchezo ulionyeshwa siku mbili, watu walijaa, kiingilio kikalipa ukumbi na soda. Hakuna aliyerudishiwa mchango wake. Sikulalamika wakati ule na silalamiki leo. Nasema tu kwamba kwa mtindo huo watu wanaweza kutengeneza mchezo mmoja maishani, wa pili wanakuwa wamechoka, na wa tatu ndio ambao ungekuwa mzuri.

Mtaniambia, wafadhili wapo. Wapo, na nimekula chumvi yao. Mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliupenda sana mchezo wa kihamba. Alikuwa na fedha, na mradi wake ulikuwa wa kunawa mikono. Akatuuliza kwa upole kama ule ugomvi wa mpakani unaweza kutokea karibu na kibuyu chirizi, kile chombo cha kuning'iniza cha kunawia mikono.

(Walicheka tena, na mimi nilicheka, lakini siku ile ofisini sikucheka. Nilisema tutafikiria. Milioni mbili zinaweza kukufanya ufikirie kibuyu chirizi kwa siku tatu nzima.)

Walimu wenzangu, kumbukeni tamthiliya ambayo vizazi na vizazi vya wanafunzi wetu wameisoma, Kilio Chetu. Kwenye jalada mahali pa mwandishi hapana jina la mtu, pana jina la Medical Aid Foundation. Siibezi hata kidogo. Ilizungumza na vijana kuhusu UKIMWI wakati ambapo wazazi walikuwa wanafunga mlango, na naamini kuna watu wako hai kwa sababu yake. Lakini tazameni inatuambia nini kuhusu mfuko wa tamthiliya katika nchi hii. Ukiwa na ugonjwa unapata fedha ya mchezo. Nani atalipia mchezo usio na ugonjwa? Nani atalipia ugomvi wa ndugu, au mapenzi ya wazee, au mtu aliyerudi nyumbani Desemba na gari la kukodi akiwadanganya kijiji kizima kuwa ni lake? Huo mchezo nautaka sana, kwa taarifa yenu.

Na mtaniambia kuna mikopo. Ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, bila riba. Ni sheria nzuri. Uko pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, serikali imeufufua na wasanii wamekopeshwa, tunashukuru. Mwenye studio anarudisha, mwenye bendi anarudisha. Vijana wetu nao walikwenda kwenye dawati moja la mikopo, mahali ambapo nitapaacha bila jina. Wakaulizwa, mradi wenu unarudisha vipi? Wakasema, tiketi. Za lini? Hatujui, mchezo haujaisha kuandikwa. Yule afisa hakuwa mkorofi, alikuwa na fomu, na fomu haina kisanduku cha jibu hilo. Akawashauri kuku. Wakaandika mradi wa kuku, wakapata. Leo kikundi kina waigizaji wafugaji, na kuku wanaolala juu ya maleba.

Mkopo ni fedha ya kitu kinachojulikana kitakuwa nini. Mchezo unaotafutwa bado haujajulikana. Ukimkopesha mtu ili atafute, atakuletea kile alichokwisha kukipata zamani: mume mlevi, mke mvumilivu, mganga tapeli, na mjumbe wa nyumba kumi anayekuja mwishoni na suluhisho. Michezo hiyo mmeichoka, ndiyo maana mnatazama tamthiliya za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili.

Serikali yetu haijawahi kuwa mgeni katika jambo hili. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mara tu tulipokuwa jamhuri, mwaka 1962. Mwaka 1974 kukawa na kikundi cha taifa cha maigizo, watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo hayo yakageuka, hazina ilikuwa imekauka, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza 1981 ndicho kikabaki kushika mwenge. Leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Baraza la Sanaa la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984, likapewa kazi ya kufufua na kukuza sanaa, za maonyesho zikiwemo. Na tangu 1976 tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, inayosema mchezo wa jukwaani unahitaji kibali. Kwa hiyo karibu nusu karne sasa serikali inajua mchezo wetu ukikamilika uko wapi. Ninachoomba ni itujue miezi mitatu kabla.

Sasa wenzetu. Nitakwenda haraka maana naona mheshimiwa ameangalia saa.

Uingereza walianzisha baraza lao la sanaa la kutoa fedha ya umma mwaka 1946. Vita imetoka kwisha, sukari na nyama bado vinagawiwa kwa kadi. Hawakusubiri washibe. Miaka 10 baadaye, pale ukumbi wa Royal Court, London, akaingia mwongozaji anaitwa George Devine na kampuni yake, wakitegemea kwa sehemu ruzuku ya baraza hilo, na shabaha yao ni waandishi wapya. Walikuwa na kitu nilichokipenda kuliko vyote nilivyosoma. Kuanzia 1957, Jumapili usiku, jukwaa likiwa halina kazi, waliweka mchezo mpya bila mapambo. Waigizaji wamefanya mazoezi kama kawaida, watazamaji wapo, ila mandhari hakuna. Gharama kidogo mno. Mwandishi anaona kazi yake ikisimama kwa miguu, anaona inapochechemea, anarudi nyumbani. Pakazuka na usemi wao kwamba ukumbi ule uwape waandishi haki ya kushindwa. Mimi nimefundisha miaka 31 nikitoa alama nyekundu, na neno hilo lilinichoma: haki ya kushindwa.

Marekani mwaka 1964, katika mji mdogo wa Waterford, jimbo la Connecticut, walianzisha kituo walichokipa jina la Eugene O'Neill, mwandishi wao wa tamthiliya, na ndani yake mkutano wa kila kiangazi: mwandishi analeta muswada, anapewa waigizaji na mwongozaji, wanausoma na kuuchezea mbele za watu karatasi zikiwa bado mkononi, naye anaandika upya. August Wilson, kijana mweusi aliyeacha sekondari njiani, aliomba zaidi ya mara moja wakamkatalia. Mwaka 1982 wakamkubali na mchezo mmoja. Mwaka 1984 mchezo huo ulikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na baadaye mtu huyo akachukua tuzo ya Pulitzer, tuzo yao kubwa ya uandishi, mara mbili. Hakwenda Waterford akiwa bingwa. Alikwenda na rundo la karatasi kama rundo langu.

Lakini nisiwapambie. Marekani hiyo hiyo wana mfuko wa taifa wa sanaa tangu 1965, na tarehe 2 Mei 2025 makundi mengi ya maigizo yalipata barua pepe kwamba ruzuku waliyokwisha kuahidiwa imefutwa. Kuna watu walikuwa katikati ya mazoezi. Mgumu wangu aliondoka na akarudi siku ya nane. Hao hawana wa kumsubiri. Kwa hiyo fedha ya umma ikija, isije kama zawadi ya mkubwa. Ije kwa utaratibu ulioandikwa, ambao mkubwa ajaye ataukuta mezani.

Na kuna Limuru, Kenya, hapo jirani tu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000, wakafanya mazoezi hadharani. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta muswada kwa Kikuyu, na wakulima na vibarua wakawasahihisha: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi hivi. Bibi wa Pasua wamejaa tele. Fedha ya serikali haikuwemo. Maonyesho hayakumaliza wiki nyingi, mwezi Novemba kibali kikafutwa, siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 ukumbi ukavunjwavunjwa.

Mheshimiwa, sisemi hili kukutisha wala kukuchongea. Nalisema kwa sababu nikiomba fedha yako bila kulisema nitakuwa nimekuficha kitu. Mchezo uliotengenezwa na watu huwa unasema wanayoyasema watu. Anayetoa fedha ya mazoezi hajui mchezo utaishia wapi, na akitaka kujua kwanza, tumerudi kwenye kibuyu chirizi. Ndiyo maana naomba anayetoa kibali asiwe yeye yule anayetoa fedha. Fedha igawiwe na watu watano hivi: mwalimu, mwongozaji, mtu wa maktaba, mfanyabiashara, na mmoja wa hawa kina mama wa nyuma, ambao hakuna mswada mbovu utakaowapita.

Kiasi gani? Mchukue hesabu yangu, mwongeze posho kidogo ya waigizaji, tuseme milioni moja na nusu kwa kikundi. Vikundi vitano kwa mwaka ni milioni saba na nusu, bei ya bodaboda tatu. Itolewe kwa awamu mbili: nusu mkileta muswada, nusu mkishausoma mbele ya watu mtaani na mwandishi akarudi kuandika upya. Ripoti yetu isiwe picha za watu wamevaa fulana. Iwe ni miswada miwili, wa kabla na wa baada, muilinganishe. Kama haifanani hata kidogo, tumefanya kazi. Na kama mchezo umekufa katikati, tuandike kwa nini umekufa, hesabu ya fedha ifungwe, na tusiitwe wezi.

Kumbi sihitaji mjenge. Shule zetu zina kumbi zinazolala na funguo Jumamosi na Jumapili. Mkurugenzi akiandika barua moja, ile 360,000 imetoka kwenye hesabu leo.

Na msiseme Moshi hatuwezi mambo ya aina hii. Huu ni mji wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa tangu 1933, wa watu wenye vihamba vya migomba na kahawa kidogo kidogo, ambao walikubali kukatwa senti kwenye mzigo wao. Ushuru wa kahawa ulijenga shule huko juu wakati wengi wa waliokatwa hawakujua kusoma. Walilipia kitu ambacho hawajakiona. Halafu fikirieni na Desemba yetu. Nchi nzima inatuhamia hapa, magari yamejaa hadi Marangu, kila baa ina foleni, mbege inakwisha saa nane mchana. Watu wana fedha, wana likizo, wana ugomvi wa mipaka uliosubiri tangu Desemba iliyopita. Na mji mzima hauna mchezo mmoja mpya wa kuwaonyesha. Mfanyabiashara yeyote hapa anijibu kama hiyo ni akili.

Basi, mwongozaji wangu amesimama pale mlangoni, nikimwona hivyo najua nimepitiliza.

Tunachosoma leo ni muswada wa pili wa mchezo mpya. Haujakamilika. Unamhusu mgumu aliyezeeka, goti limemkataa, na mlima anauona kila asubuhi dirishani. Yule kijana wangu aliyenitoroka wiki ya tano ndiye anayemsoma mzee. Amepanda vya kutosha, sasa amekaa. Nakala ziko tisa na nyie mko wengi, kwa hiyo sikilizeni tu. Onyesho la nne halijakaa sawa, tunajua, na mke wa mzee huyu amekuwa kimya mno kuanzia ukurasa wa 20. Sijui anataka nini. Mama, wewe hapo nyuma, njoo ukae hapa mbele.